Mpishi wa Harusi Anayetema Mchuzi

Saa tatu asubuhi, uani kwa wenye harusi mjini Tabora, Mwamvita Saidi anachota supu ya pilau, anaimimina kiganjani, anailamba. Kisha anaitema kwenye bakuli. Wanawake wanaomenya vitunguu wanaacha visu.

Mpishi kutema jikoni pa harusi? Huko ni kumtakia biharusi mabaya, na hakuna asiyelijua hilo hapa.

Mwamvita, mwenye miaka hamsini, anapika shughuli za mji huu tangu kabla ya Uhuru. Chumvi hapimi, anaonja. Sufuria sita, kuonja mara arobaini. Mwaka jana, 1973, alianguka kando ya mafiga, miguu imelegea, presha iko juu.

Vipimo vikapelekwa Dar es Salaam. Daktari akamweleza: juu ya figo kuna tezi ndogo, hutoa homoni iitwayo aldosteroni, inayoiamuru figo izuie chumvi. Yake inatoa kupita kiasi. Chumvi ikibaki, maji nayo yanabaki, presha inapanda.

"Kumbe nina mlanguzi mwilini," anasema Mwamvita. "Serikali inawasaka madukani, wangu kajificha juu ya figo."

Alipewa vidonge, akaambiwa chumvi basi, akionja, ateme. Kutema aliogopa. Akamweka mumewe, Mzee Mabruki, amwonjee. Masikini, alisahau kwamba ulimi wa Mabruki ulikwisha kufa kwa miaka thelathini ya ugoro wa Sikonge.

"Kila nikimpa, ananiambia ongeza kidogo," anasimulia.

Kwenye harusi iliyofuata pilau ikawa chumvi tupu, wageni wakamaliza mitungi yote ya maji. Miezi minne Mwamvita hakuitwa popote, na kazi nyingine hana.

"Mimi nilionja vizuri," Mabruki anajitetea mpaka leo.

Leo ndipo ameitwa tena. Bi Kuluthumu, bibi yake biharusi, anasogea, analitazama bakuli.

"Mwamvita, una nini na mjukuu wangu?"

"Shikamoo, mama. Sina neno naye. Chumvi inaniua." Anaeleza tezi, figo, presha.

"Marahaba." Bi Kuluthumu anachota supu, anaonja, anameza. "Imekolea. Wewe tema, mwanangu. Nanyi, vitunguu hivyo vitajimenya?"

Mwamvita anacheka huku machozi yakimtoka. Kitinda mimba wake, Mwanajuma, ameposwa Igunga, kwa watu wasiomjua mama mtu.

"Pilau ile nitaipika mwenyewe," anasema. "Waseme nimemtemea mwanangu. Mradi siku hiyo niwepo."