Ukurasa Uliooza Ndani ya Gunia la Maharagwe

Saa kumi na mbili asubuhi, kambi ya wakimbizi ya Kashuga ikiwa bado katika ukungu, Epiphanie Bahati anaandika x² kwa kipande cha muhogo mkavu. Ubao wake ni mlango wa nyumba iliyochomwa moto, umepakwa unga mweusi wa betri zilizopondwa. Wanafunzi kumi na mmoja wameketi chini, na hakuna hata mmoja mwenye kitabu.

Somo la leo ni dérivée, hesabu ya kujua kitu kinabadilika kwa kasi gani. Ukimuuliza mkimbizi ana haja gani na hesabu hiyo, Epiphanie anakukazia macho.

"Kwani vita inakimbizaka na akili?"

Ana miaka 36. Baada ya somo hulima mashamba ya watu kwa vikombe vitatu vya maharagwe kwa siku. Kwa kufundisha hapati kitu. Alikuwa mwalimu katika kijiji cha Bihambwe hadi mwaka 2012, wenye silaha walipolala darasani na kugeuza madawati kuni. Mpaka leo hakuna aliyeulizwa habari za madawati hayo.

Alikimbia na gunia la maharagwe, ndani yake amelificha daftari lake la hesabu. Mvua iliwanyeshea siku nne. Alipolifungua gunia, ukurasa mmoja ulikuwa umeoza, ule wa kanuni ya kuzidisha, yaani dérivée ya vitu viwili vilivyozidishwa.

"Ya kujumlisha ilibakia: unatafuta dérivée ya kila moja, unajumlisha," anaeleza. "Nikawaza ya kuzidisha iko vile vile: kila moja, halafu unazidisha. Nikajaza na kichwa yangu. Kosa njo yangu, siifiche."

Kambini daftari halinunuliwi, hunakiliwa. Kosa likahamia katika madaftari yote kumi na moja.

Juni mwaka huu wanafunzi hao walitembea saa tano hadi shule moja ya sekondari iliyotangaza nafasi za mwaka wa sita kwa watakaofaulu jaribio. Swali la nne lilitaka dérivée ya x² mara x³. Wote waliandika 6x³, yaani 2x mara 3x².

Mkuu wa shule hiyo hakuuliza wamefundishwa na nani. Alizichana karatasi zote mbele yao.

"Alisema, 'Nyinyi bakimbizi mulizoea kuiba, sasa munaiba mpaka hesabu,'" anasimulia Mamie, 20, mmoja wa wanafunzi hao. "Mimi nilikuwa naketi peke yangu ku mulango, juu mutoto yangu alikuwa analia. Ningekopiya ku nani?"

Inaudhi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Msomi mzima anaona kosa moja mara kumi na moja, na hawazi kwamba huenda ni mwalimu mmoja na daftari moja. Anawaza wizi, kwa sababu waliosimama mbele yake wametoka kambini na miguu yao ina tope.

Ni Mamie aliyegundua kosa, wiki mbili baadaye. Alizidisha kwanza: x² mara x³ ni x⁵, na dérivée yake ni 5x⁴, wala si 6x³.

"Mama Epiphanie," alimwambia, "moja ya hizi inadanganya."

Jibu walilipata shambani. Epiphanie na Mamie hulima pamoja kwa jembe moja. Mmoja akilima, mwenzake hupumzika, kisha wanapokezana. Epiphanie alisimama ghafla. Tafuta dérivée ya wa kwanza, wa pili mwache alivyo, kisha wabadilishane, halafu jumlisha. 2x mara x³ ni 2x⁴, x² mara 3x² ni 3x⁴; jumla ni 5x⁴.

"Nililia palepale mu shamba," anasema. "Furaha kwanza. Kisha hasira. Bale batoto baliitwa bezi juu ya mvua!"

Jaribio jingine litafanyika Septemba, lakini shule imekataa kuyapokea majina yao. Jumatatu Epiphanie atakwenda huko kwa miguu, na daftari lililooza mkononi.

"Nitamuonyesha ile ukurasa. Atupe hesabu yoyote, aketishe kila mutu mu chumba yake."

Na akikataa?

"Nitarudi Jumanne."

Ananipa orodha atakayopeleka. Nahesabu majina kumi na mawili, na la mwisho ni lake mwenyewe.

"Nitafanya jaribio pamoja nabo," anasema, akiufuta ubao kwa kiganja. "Ikiwa iko mwizi, aanze na mimi."