Mawimbi Makubwa Kiasi

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Tunduru. Bahari aliiona ukubwani, alipokuja Dar es Salaam kutafuta kazi, na hakuipenda. Tukipita Kivukoni alishika upande wa barabara wenye nyumba, mimi namcheka. Mimi ni mzaliwa wa Mafia, na mtu wa kisiwani ukimwambia maji yanatisha huona unamtania.

Tulipanga chumba Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita, karibu na njia ya kwendea Gerezani ambako yeye alifanya kazi kwenye karakana ya reli. Redio ilikuwa yake. Jioni aliiweka juu ya kigoda ukumbini, wapangaji wote wakasikiliza, na taarifa ya habari ikiisha hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka hali ya hewa isomwe. "Hiyo ni ya serikali," alisema. "Serikali haibahatishi." Miaka ile tulikuwa tukipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, na tulijua kwamba serikali nayo hubahatisha, lakini nani amwambie?

Mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, joto limetuchosha na kanga inagandia mgongoni kabla hujamaliza kufagia ua, nahodha wa boti la Mafia alikuja kunitafuta. Kwao na kwetu kisiwani ni mlango kwa mlango. Alikataa hata maji ya kunywa.

"Mama hajiwezi, dada," akasema. "Anakutaja wewe tu. Kesho narudi, twende."

Mume wangu alipotoka kazini nikamwomba ruhusa, maana kwetu mke hasafiri bila ruhusa ya mume. Hakukataa. Alisema tusikilize kwanza redio.

Msomaji akafika kwenye ukanda wa pwani na bahari iliyo jirani. Mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache, upepo wa kaskazini mashariki. Bahari itakuwa na mawimbi makubwa kiasi.

"Umesikia?" mume wangu akasema. "Makubwa."

"Kasema kiasi."

"Kiasi si ndiyo kwamba yametosha kuwa makubwa?"

"Kiasi ni kidogo, baba watoto. Mtu akikwambia anaumwa kiasi, unakwenda kumchimbia kaburi?"

Wapangaji wakaangua kicheko. Bibi mwenye nyumba akadakia kwamba hata chumvi ina kiasi, na ikizidi mchuzi unamwagwa, ila hakusema yuko upande gani. Nyumba ikagawanyika kama siku ya mpira, hawa kwake, hawa kwangu. Mimi nilidhani nashinda.

Ndipo mume wangu akamnyanyua mtoto wetu mdogo, aliyekuwa bado ananyonya. "Wewe unajua kuogelea," akaniambia. "Huyu je? Subiri yapungue. Boti litarudi."

Hakuna aliyecheka tena. Nami sikuwa na kiapo cha kumwapia. Nilikuwa nimekaa mjini miaka mingi, na bahari ya mwaka ule sikuijua. Ningeweza kutoroka, wapo waliofanya hivyo. Lakini aliyenifunza kwamba mke hatoki bila ruhusa ni mama yangu mwenyewe, siku za mwisho kabla ya harusi, nikiwa nimelala kwenye mkeka wake. Boti likaondoka bila mimi.

Jioni iliyofuata, mawimbi makubwa kiasi. Jioni nyingine vilevile. Nikamchukia yule msomaji na sauti yake nzuri, nikamwona kama mtu asiye na mama. Nikaanza kufahamu kwamba pengine msimu ule bahari husemwa hivyo tu, kama mtu anavyoulizwa hali akajibu njema. Nilimwambia mume wangu. Akanijibu tusikilize na ya kesho.

Hakuwa mkatili. Siku zile alimwogesha mtoto mwenyewe, kwenye karai uani, akimshika kwa mikono miwili ilhali maji yenyewe hayakufika hata magotini kwa mtoto. Nilimwona. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja.

Kisha jioni moja redio ikasema mawimbi madogo. Mume wangu aliruka kitini.

"Madogo! Nenda, mke wangu. Nenda kesho!"

Asubuhi alinisindikiza hadi Feri, mimi na furushi langu, yeye na mtoto. Hata barabara aliivuka, akasimama pamoja nami ukingoni. Boti la Mafia lilikuwa limefika muda si mrefu, injini bado inanguruma. Nahodha aliponiona hakunisalimu. Alivua kofia.

"Dada, pole," akasema. "Mama tumemzika jana."

Machozi hayakuja. Lilikuja swali.

"Ile safari yenu, siku ile uliponifuata, mlifikaje?"

Akamtazama mume wangu, akasitasita. "Salama, dada. Tulikuwa na kina mama wenye watoto wachanga. Watoto walilala njia nzima."

"Sema kwa nguvu. Injini ina kelele."

Akarudia, kwa sauti, neno kwa neno. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, kampakata mtoto. Mimi nilikuwa nimesikia tangu mara ya kwanza.