Bonge na Mkono Wake

Siku Bonge alipojifumania alikuwa peke yake jikoni, ameinamia sufuria kubwa la maharage, anawaza gesi iliyokuwa inakaribia kuisha. Ghafla akasikia kitu kinasagasaga. Akatulia asikilize. Sauti ilitoka karibu, karibu mno, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni meno yake mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa unatafuna. Unatafuna nini, hakujua. Tangu alipokunywa uji wake nyumbani hakuwa ametia kitu mdomoni, na angeweza kula kiapo mbele ya watu.

Akatema kiganjani. Kipande cha kiazi, nusu kimesagika. Akakaa juu ya gunia la mchele, kiganja wazi, anakitazama kile kiazi. Mtu mwingine angecheka akaendelea na kazi zake. Yeye kijasho chembamba kilimtoka, maana alikuwa anatazama kitu kitakachomuua.

Bonge alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Jina hilo alipewa na mafundi wa kiwandani enzi zile alipokuwa akipita mlangoni kwa ubavu, naye alilipokea kwa kicheko, kwa sababu mtu mnene akinuna ndiyo kwanza anazidi kutaniwa. Sasa sehemu kubwa ya Bonge ilikuwa imeshakwenda zake. Magauni yalimning'inia, pete ya ndoa ameizungushia uzi isidondokee kwenye mchuzi, lakini jina lilibaki palepale. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kumtafutia jingine.

Alikubali kupasuliwa na kupunguzwa tumbo kwa woga, si kwa urembo. Mama yake mzazi, mwenye mwili kama wake, alianguka bafuni akiwa na umri huohuo aliofikia Bonge, na wanaume walioitwa kumnyanyua walishindwa kumpitisha mlangoni mpaka fremu ikang'olewa. Kufika hospitali alikuwa keshakata roho. Bonge alikuwepo siku hiyo. Sauti ya misumari ikichomolewa kwenye mbao haikumtoka masikioni, na kila alipopanda ngazi akahema, aliisikia upya.

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye pia ni msaidizi wake pale jikoni, hakuafiki hata kidogo. "Watu wanapasuliwa kwa maradhi, wewe unapasuliwa kwa chakula?" alimwambia. "Si ungefunga mdomo tu, ni bure!" Lakini siku ya upasuaji ndiye aliyekaa kwenye benchi la hospitali kutwa nzima, hali, hanywi, anagombana na kila muuguzi aliyepita bila habari.

Daktari alimweleza Bonge kinagaubaga. Tumbo lililobaki lina ukubwa wa ndizi moja. Ale kidogo, atafune mpaka chakula kiwe uji, akae chini, asile huku anafanya shughuli nyingine. Akianza tu kuhisi ametosheka, aache, hata kama kijiko kiko njiani. Tonge kubwa la nyama linaweza kukwama, na tumbo likizoea kujazwa hutanuka. Bonge aliyashika yote. Nyumbani alikula kwa kibakuli cha mtoto, polepole, macho kwenye chakula, huku mumewe ameshamaliza na kukaa akimsubiri kama abiria wa gari bovu. Uzito ukashuka vizuri. Halafu ukasimama. Halafu ukaanza kupanda.

"Mama, unakula nini?" daktari alimuuliza mara ya mwisho walipoonana.

"Kibakuli changu kile kile, daktari."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine, haki ya Mungu."

Daktari hakubishana naye. Alimtazama tu, vile unavyomtazama mtoto mwenye sukari mdomoni. "Ukipanda hivi, mwakani tutarudi tulikoanzia," alisema. "Na moyo wako, sidhani kama utatusubiri."

Bonge alitoka pale na woga. Aliamini kwamba mwili wake umeshakata shauri kufa kifo cha mama yake, na kwamba hakuna kisu cha kuubadilisha nia. Alikwenda na woga huo kazini, akarudi nao, mpaka siku ya kiazi.

Wifi alipoingia na ndoo ya vitunguu alimkuta bado yuko juu ya gunia.

"Vipi tena, wifi? Umeona jini?"

"Wifi, naomba nikuulize, na usinifiche. Mimi huwa naonja?"

Wifi akaweka ndoo chini. Akacheka, kisha alipoona mwenzake hacheki, kicheko kikamkatikia. "Kwani hujui? Wewe unaonja tangu unawasha moto mpaka tunaosha masufuria. Mchuzi kiganjani, nyama kidoleni, ukoko wa wali ndiyo usiseme. Mimi nilidhani hiyo umeruhusiwa!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nimwambie mpishi asionje? Si ungenitia mwiko wa kichwa!"

Kumbe kila mtu alijua isipokuwa mwenye mkono. Miaka yote ile aliyopika, kuonja hakukuwahi kuwa kula. Kula ni kukaa na sahani. Kuonja ni kazi, kama kukoroga au kupunguza moto, na nani anakumbuka amekoroga mara ngapi? Ukiwaweka wapishi wote pamoja ukawauliza wamekula nini leo, watakuapia kwamba njaa inawauma, na mashavu yao yanacheza.

Tangu hapo Bonge aliuogopa mkono wake wa kulia kama mtu anayeishi nyumba moja na mwizi. Aliuficha mfukoni mwa aproni. Akija kushtuka uko nje, unanuka mchuzi. Alivaa barakoa, akajiona mjanja, na kabla ya saa ya chakula akaikuta imeshushwa kidevuni, ina doa bichi la nyanya, wala hakumbuki kuishusha. Siku hiyo alilia, na hakusingizia vitunguu. Ikabidi wifi apewe kazi ya ulinzi. Kila mkono ulipopanda kuelekea mdomoni, alichapa vidole kwa mwiko, tap! Mwanzoni walicheka wote wawili. Vidole vilipoanza kuvimba waliacha kucheka, wakawa wanafanya kazi huku wifi anatazama mkono na Bonge anamtazama wifi.

Mkosi ulikuja siku ya wageni. Wakubwa wa kampuni walikuwa wanatembelea kiwanda na wangekula kantini, na meneja alishapita jikoni kwa ajili ya kusema tu, "Bonge, usituangushe." Wifi akaitwa ofisini kupeleka chai. Bonge akabaki na sufuria la nyama. Chumvi je? Imekolea? Imezidi? Akijaribu kukumbuka kama ameitia mara moja au mbili, kichwa kinamzunguka. Aliogopa wageni, akaogopa meneja, akaogopa kuaibika mbele ya mafundi waliomzoea. Kumbe woga ndio uliokuwa unauamsha ule mkono. Alisikia hatua za watu barazani, na hapohapo akasikia kitu kinashuka kooni. Kikubwa, kizima, cha moto.

Kikasimama kifuani.

Alijaribu kumeza mate, mate yakagoma kushuka, yakarudi na mengine mengi, yanajaa mdomoni, yanamwagika kwenye aproni. Kifua kilimbana kama kimepigiwa msumari. Aliweza kuvuta pumzi, lakini kila pumzi ilikuja na maumivu, na katikati ya maumivu akasikia mbao zinang'olewa. Akautazama mlango wa jikoni. Akawaza, kwa akili timamu kabisa, kama atapita. Alitaka kumwita wifi yake na sauti haikutoka. Nilisema alikuwa mwoga. Basi hapo woga wote aliowahi kuwa nao ulikuwa wa kuchezea.

Wifi alimkuta amepiga magoti, ameshikilia mguu wa meza. Hakupiga kelele. Alipiga magoti naye, akamshika mgongo, akamzuia mtu aliyeingia nyuma yake akitaka kumpa maji, maana hospitali aliyasikia maelezo yote ingawa alijifanya hasikilizi. "Usimeze, wifi. Tema. Tema tu, sakafu nitapiga deki mimi. Pumua. Niko hapa, siendi popote." Ilichukua muda mrefu na wa kutisha. Mwishowe kifua kikakakamaa, tumbo likajikunja, na nyama ikarudi ilikotoka, ikaanguka sakafuni. Haikuwa hata na alama ya jino.

Wote wawili waliitazama. Wifi ndiye aliyeanza kulia.

"Mimi nilikaa kwenye lile benchi," alisema. "Sirudi pale, unanisikia? Sirudi."

Bonge akavua aproni. Fundo lilimshinda, wifi akamfungulia. Kisha akachukua kile kijiko chake kirefu cha kuonjea, ambacho hakuwahi kumwachia mtu, akampa.

"Onja wewe."

"Mimi? Wifi, mimi mkono wangu unajulikana. Kaka yangu mwenyewe hali chakula changu!"

"Onja. Mimi nakwenda kukaa."

Alitoka na kibakuli chake akaingia kwenye ukumbi wa kulia, ambako miaka yote alikuwa akipita tu na masahani. Siku hiyo wifi ndiye aliyewapakulia wageni; yeye hakula, aliweka tu kibakuli mbele yake, kwa vile koo lilikuwa bado linauma. Lakini kesho yake baada ya kutoka kwa daktari alirudi palepale, na keshokutwa pia, saa ileile mafundi wanayokula. Siku hiyo ya tatu alikaa mwisho wa meza ndefu. Mkono wa kushoto aliuweka mezani. Wa kulia aliutazama ukichota maharage nusu kijiko, ukapanda, ukaingia, ukatoka, ukalala juu ya meza mahali anapouona. Ndipo akatafuna. Kila alipomeza alingoja, moyo uko juu, mpaka ahakikishe kimeshuka. Kishuke, ndipo achote kingine.

Maharage yalikuwa chumvi tupu.

Aliijua kabla hata hajafunga mdomo. Ulimi wake haukuwa umekatwa na mtu. Meza nzima watu walikuwa wanabadilishana macho, na fundi wa mashine ya kushonea magodoro, aliyekuwa anamtania tangu zamani, akamwinamia.

"Bonge, leo kulikoni? Nani amepika haya? Hebu nenda katuokoe huko jikoni."

Jina lake lote lilikuwa kwenye sufuria lile. Angeweza kuinuka. Viazi viwili vya kunyonya chumvi, maji kidogo, kuonja, kuonja tena, na kantini nzima ingemshangilia. Aliuona mkono wake wa kulia ukisogea juu ya meza, unataka kwenda.

Akaufunika na wa kushoto, akaushikilia kwa nguvu mpaka ukatulia.

"Chumvi imezidi," alisema. "Leteni maji mnywe. Mimi ninakula."