Aliomba Kazi, Akaletewa Blanketi

Awuor wa Kayole ana ugonjwa mmoja ambao majirani wamekata tamaa ya kuutibu: anashukuru kupita kiasi. Makaa yakishika moto upesi, asante Mungu. Maharagwe yakiiva kabla ya saa zake, asante Mungu na asante aliyeyapanda, popote alipo. Juzi kondakta alimrudishia mwavuli aliousahau, naye akamshukuru mpaka kijana wa watu akashuka garini kwa haya. Watu humcheka. Mimi nami nilimcheka, hadi nilipokijua kisa cha barua zake.

Miaka mingi Awuor alipikia chakula nje ya geti la kiwanda cha misumari huko Industrial Area. Mumewe, Obonyo, alikuwa fundi wa reli. Alipofariki, mama huyu alibeba sufuria moja ya uji akaenda kusimama mahali ambapo vibarua husubiri kuitwa kazini asubuhi. Uji ukazaa madondo ya maharagwe, madondo yakazaa chapati, na chapati zikawasomesha watoto wake mpaka kifungua mimba wao, Phares, akawa dereva wa malori. Vibarua walimwita mathe, yaani mama, na hawakumwita hivyo kwa mzaha. Alijua nani ana vidonda vya tumbo asitiliwe pilipili, nani akinuna ameachwa na mke, na nani anadai ameshiba kumbe mfuko umetoboka.

Basi mwaka huu, baada ya Pasaka, tangazo likabandikwa getini. Malori yanakosa nafasi ya kugeuka, kwa hiyo kuanzia mwezi ujao hakuna ruhusa ya kuuza chakula nje. Kutakuwa na kantini ndani ya ua, na anayetaka kuiendesha amwandikie barua afisa wa wafanyakazi, Bwana Roble. Awuor alilisoma mara mbili akiwa na mwiko mkononi. Hakuhitaji kufafanuliwa. Ama apate kantini ile, aingie ndani na sufuria zake, au arudi nyumbani akae.

Alipofunga kazi alikwenda moja kwa moja kwa shoga yake Kavinya.

Kavinya ana kiduka kando ya Spine Road chenye kompyuta moja na mashine ya fotokopi inayokohoa. Hapo ndipo Kayole nzima huandikiwa barua. Na barua zenyewe ni za aina moja: za kuomba. Mtoto amefaulu, hakuna karo, andikia kamati ya basari. Mgonjwa amezuiliwa hospitalini, andikia mheshimiwa. Paa la kanisa limeezuliwa na upepo, andikia wafadhili. Kavinya amezipika barua hizi mpaka ameiva. Inasemekana mwanakamati mmoja wa basari alitoka nje kupenga kamasi baada ya kusoma barua yake, na sifa hiyo Kavinya hajaikanusha hata siku moja.

"Mama Phares, tulia," alisema akivuta kiti. "Barua isiyoliza mtu haijaandikwa. Mzee wako alifariki lini?"

Wakaandika. Tuseme ukweli, ilikuwa barua nzuri sana ya msiba. Ilianza na ujane, ikapita kwa mayatima (Phares na ndevu zake akiwemo), ikateremka hadi magoti ya Awuor yanayouma wakati wa baridi. Kantini ilitajwa karibu na mwisho, kwa sauti ya chini, kisha ikafuata ile sentensi ambayo Kavinya hamnyimi mteja yeyote: "Nitashukuru kwa msaada wowote mtakaoona unafaa." Wakaambatanisha cheti cha kifo cha Obonyo, barua ya chifu na barua ya pasta, maana kwetu bahasha isiyo na chifu na pasta huonekana kama imetoka uchi. Awuor aliipeleka mwenyewe akamkabidhi Matheka, askari wa geti, kwa mikono miwili.

Jibu lilikuja kwa pikapu ya kampuni.

Ilikuwa saa ya chakula, vibarua wamejaa. Bwana Roble alishuka, kijana mwembamba mwenye adabu zake, akafuatana na binti mwenye kamera. Nyuma yao wakateremsha unga wa mahindi, mtungi wa mafuta ya kupikia, na blanketi zito la maua mekundu.

"Mama, tuliguswa sana na barua yako," alisema Bwana Roble. "Kampuni imeona ikushike mkono."

Watu wakapiga makofi. Awuor akashikishwa blanketi kwenye jua la mchana, jasho likimtiririka, akaambiwa atabasamu. Akatabasamu. Akashukuru pia, na shukrani ile ilikuwa ya kweli, kwa sababu hawa hawakuwa watu wabaya na blanketi halikuwa baya. Lakini chini ya shukrani kulikuwa na kitu kilichomchoma, naye hakujua akiite nini. Aliuliza polepole, "Na ile habari ya kantini, Bwana Roble?"

"Ah, ile? Hiyo usijali, mama. Kuna watu waliotuandikia kuhusu hiyo."

Akaingia garini. Kibarua mmoja, mdomo umejaa chapati, akamwangalia mathe wake kwa macho mapya. "Mathe, kwani uko na shida hivyo? Si ungetuambia tukuchangie?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Huyo kijana alikuwa akila mapishi yake Awuor kila siku, na sasa alitaka kumchangia.

Jioni alimwekea Kavinya lile blanketi juu ya meza ya kompyuta. Kavinya alicheka kwanza, kisha akamtazama mwenzake usoni, akaacha.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimezoea kuwaandikia watu wanaoomba wapewe. Wewe una kitu cha kuwapa hao watu, nami nimekuandika kama huna kitu."

Awuor akasema kana kwamba anajisemea, "Nikienda kununua maharagwe, yule mwuzaji hanisimulii ndoa yake. Ananiambia haya ni mapya, yanaiva haraka, nikupimie?"

"Basi niuzie," Kavinya akasema, akafungua ukurasa mpya. "Mimi ndiye Roble. Niuzie hayo maharagwe."

Wakabishana kidogo mwanzoni, kwani Awuor alitaka barua ianze na asante ya blanketi. Kavinya akasema hiyo si biashara. Awuor akasema Mungu hapendi mtu anayepokea akanyamaza, na isipowekwa yeye haondoki. Ikawekwa, mstari mmoja. Mstari wa pili ukasema anachotaka: kuendesha kantini ya kiwanda. Kisha ikafuata kazi yenyewe. Kwamba chakula chake huwa tayari kabla king'ora hakijalia. Kwamba anawajua wafanyakazi na matumbo yao. Kwamba kila siku kutakuwa na madondo na chapati, ugali na mboga ya sukuma, na Ijumaa omena, wale dagaa wa ziwani. Kwamba angehitaji maji ya mfereji na mahali pa kumwaga taka, na kiwanda nacho kitapata watu wanaorudi kazini kwa wakati badala ya kuzurura barabarani wakitafuta chakula. Cheti cha kifo kilibaki sandukuni. Waliambatanisha cheti chake cha afya cha upishi, basi. Chini ikaandikwa: Wako mwaminifu, Awuor Obonyo, Mpishi.

Kavinya aliisoma tena akatikisa kichwa. "Haina hata tone la chozi. Kwani itasomwa kweli?"

Siku zikapita, mwezi ukakaribia kuisha, Awuor akaanza kuwaaga wateja wake mmoja mmoja bila kuwaambia kwamba anawaaga. Halafu asubuhi moja Matheka akamwita getini akampa bahasha ya kampuni. Hakuifungua. Aliuza chakula chote, akaosha sufuria zote, akaenda nayo mpaka kwa Kavinya, kwa sababu habari ikiwa mbaya alitaka kuisikia akiwa na mtu.

Kavinya akasoma kwa sauti. Kantini amepewa, kwa majaribio kwanza. Kavinya akapiga kigelegele kilichowatoa vinyozi wa jirani nje. Kisha akaendelea kusoma na sauti ikapoa. Kulikuwa na masharti. Moja, makaa hayaruhusiwi ndani, atumie gesi. Mbili, apunguze chumvi. Tatu, asipike omena, kwa kuwa harufu yake itafika ofisini.

"Hawa nao!" Kavinya akafoka. "Wanakupangia hadi chumvi!"

Alipoinua macho, Awuor alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani.

"Kavinya, dada yangu, hujaona? Mtu anayehurumiwa hapangiwi chumvi. Huyo anapewa blanketi anaambiwa acheke. Mimi wamenipa masharti. Wameniona ni mtu wa kazi!"

Akamshukuru Mungu. Akamshukuru Kavinya, akamkumbatia mpaka miwani ikapinda. Akamshukuru Bwana Roble ambaye hakuwepo, na Obonyo aliyemwacha mjini badala ya kumrudisha ushago, kule kijijini, na vibarua wote, na hata ile fotokopi inayokohoa. Alipomaliza, akapangusa macho, akajifunga kitambaa sawasawa, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Sasa andika jibu. Anza na asante, na asante hiyo uiandike vizuri. Gesi nimekubali. Chumvi nimekubali."

"Na omena?"

"Omena, waambie, hapo tutazungumza."