Sufuria ya Wifi

Miaka minne Fundi Sabuni alifanya kazi akiwa amefungiwa kwa nje, na aliyemfungia si mwingine ila wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Eti siri ya sabuni isitoke. Siri gani, jamani, na wifi mwenyewe hata kukoroga hajui! Lakini nyumba ni ya wifi, na mjane asiye na pa kwenda atasema nini? Kila asubuhi anaingia chumba cha uani, kufuli linalia ka! na halifunguliwi mpaka miche yote ya sabuni ikatwe. Alichoka, tena alichoka moyo kuliko mikono.

Kazi aliijua kwa macho, pua na viganja. Kostiki, ile soda kali, ikiingia kwenye maji, ndoo inapata moto bila jiko. Anaiacha itulie. Anatia mafuta, anakoroga, uji unakuwa mzito na kubadilika rangi. Hapo sabuni imekubali.

Siku hiyo ndoo ya plastiki ilipasuka. Wifi, mkono wa birika, akaleta sufuria ya alumini kutoka jikoni, inang'aa.

"Tumia hii."

"Wifi, nasikia alumini na kostiki haviivi chungu kimoja."

"Unasikia wapi, na wewe hutoki? Fanya kazi!" Ka!

Alikuwa amesikia tu, hajawahi kuona. Akamimina maji, akatia kostiki. Joto likaja, hilo la kila siku. Lakini mbona mapovu? Maji yakachemka bila moto, yakifoka na kuvuma, alumini ikageuka nyeusi, na mvuke ukamkaba koo. Fundi akaelewa: humu kinazaliwa kitu kingine, na si sabuni. Dirisha lilikuwa dogo, hata kichwa hakipiti. Akaziba pua kwa mtandio, akaugonga mlango kwa ngumi.

"Wifi, fungua! Sipati pumzi!"

"Visingizio hivyo. Miche iko wapi?"

"Nakufa, wifi!"

"Kila mtu atakufa. Maliza kazi kwanza."

Aliogopa, wallahi aliogopa. Akaitazama tena ile sufuria, ndipo akili ikamjia.

"Wifi! Sufuria yako inatoboka!"

Hakumaliza hata kumeza mate, kufuli likafunguka. Wifi akampita kama hamwoni, mbio hadi ndani. "Sufuria yangu! Mama yangu, sufuria yangu!"

Fundi alisimama uani akivuta hewa, machozi ya hasira yakimtiririka. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye komeo, ufunguo ndani yake. Akalichomoa, akatembea nalo hadi chooni, akalitumbukiza shimoni. Aliporudi, wifi alikuwa bado ndani, anakohoa na kuhangaika kutafuta kitambaa cha kushikia masikio ya sufuria.

"Umesimama tu? Njoo unisaidie kumwaga!"

"Usiiguse, itakuunguza," alisema Fundi. "Toka humo, wifi. Mlango uko wazi."