Paa la Yule Msanifu Mashuhuri

Kazini walimbandika jina la Inasemekana, naye hakuwa na la kujitetea. Kwa miaka mingi alikuwa akiwatembeza wageni katika kiwanda cha mvinyo, kuanzia mashine za kukamulia zabibu mpaka ghala la mapipa. Kila walipofika ghalani alisimama, akainua mkono kuelekea juu na kusema, "Inasemekana ramani ya jengo hili ilitoka kwa yule msanifu mashuhuri, au kwa mwanafunzi wake." Wageni walipigwa na butwaa. Paa lilishuka chini kama kofia iliyovutwa usoni, na madirisha yalikaa usawa wa magoti. Kiwanda chenye hadithi huuza chupa nyingi kuliko chenye mvinyo mzuri tu. Ndivyo ilivyo popote zabibu zinapoota.

Ukweli aliujua tangu utotoni. Paa lile lilitoka kichwani mwa baba yake, fundi mwashi. Tajiri wa kwanza wa kiwanda asingekubali ubunifu wa mwashi, basi mzee akamtupia jina kubwa: alidai kwamba aliwahi kufanya kazi chini ya mwanafunzi wa msanifu yule, na kwamba wao hujenga hivi. Tajiri akameza. Uvumi ukaota mizizi, na sasa binti yake alikuwa akila kwa uvumi huohuo.

Lakini mzee alikuwa mgonjwa, moyo umechoka, na kaka mtu hakumpa dada yake raha.

"Baba anatuaga, na wewe bado unagawa sifa zake kwa mtu baki. Aondoke bila kusikia akitajwa hata mara moja?"

"Mwenyewe hataki, kaka."

"Umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Jioni ile akamuuliza, huku akimkanda miguu. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, paa likiwa la mtu mkubwa, kila kombo ni mtindo. Likiwa langu, kombo ni kombo. Niache nipumzike."

"Basi njoo ulione tu."

Jumamosi kaka akamleta kwa kiti cha magurudumu, wakajichanganya na wageni. Ghalani, Inasemekana akainua mkono kama kawaida. Akamwona baba yake amelikazia macho paa lile, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayemtazama mwanawe aliyelelewa nyumba ya jirani. Safari hii hakuanza na lile neno lake, "inasemekana".

"Jengo hili," akasema, "alilibuni baba yangu. Yule pale."

Simu zilizokuwa zikipiga picha zikashuka. Bwana mmoja mwenye miwani akanyoosha kidole. "Na lile doa la maji kwenye kona? Linavuja?"

Inasemekana akatamani ardhi ipasuke. Kaka akakunja ngumi. Lakini mzee alikuwa ameshajivuta mbele kitini.

"Linavuja! Tangu mvua ya kwanza! Niliomba mbao kavu, tajiri akaniletea mbichi, zikajipinda. Nilimwambia, hakusikia. Sogea, bwana, nikuonyeshe zilipoachana. Na madirisha usiyahukumu, hayo niliyashusha ili jua lisiyachome mapipa. Hayo hayana kosa. Kosa ni kona ile tu."

Akamgeukia binti yake, macho yakimwaka.

"Wewe nawe, umesimama tu? Nisukume, watu wanangoja."