Kengele ya Asante

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, mkono wangu wa kuume uliponuka samaki mbele ya watu wa soko zima, nami nikatamani ardhi inimeze. Ngoja, usicheke kwanza. Jana nilikusikia ukimsema mwenzako aliyeongoza darasa, sauti yako imejaa uchungu, nikajiambia: ee, huyu ni damu yangu kabisa. Basi kaa nikuambie.

Ilikuwa wakati wa Zaire, mwishoni mwa miaka ya sabini. Tulikaa Bunia, kartie ya Lumumba, yaani mtaa wa Lumumba. Jirani yangu alikuwa Kambale, kijana wa rika langu, ambaye wazazi wake walitoka upande wa Butembo kuja kufanya biashara. Kati yetu palikuwa na ua wa matete tu. Nyuma yetu alikaa Muzee Dheda, aliyekuwa zamu kule Bambu, kwenye machimbo ya dhahabu, analinda ghala la vyombo akisaidiwa na mbwa wake. Magoti yakamshinda, na wakubwa wake wakamwambia alete kijana mmoja na mbwa mmoja wa kushika nafasi yake. Mmoja, mwanangu. Muzee akatupa mimi na Kambale watoto wawili wa mbwa, ndugu wa tumbo moja, akatuwekea sharti.

Zamani Muzee alikuwa mwindaji wa msituni, na wawindaji wa kwetu humfunga mbwa kengele ya mti shingoni. Mbwa akitembea kwa utulivu, kengele inasema ko, ko, ko. Akivuta, inapiga kelele ovyo. “Imbwa itakayopita soko yote na kamba, kengele yake inatembea, haikimbie,” alisema Muzee, “iyo ndiyo itaenda Bambu.”

Kwetu mbwa hupewa jina la kuwaambia majirani neno. Wangu nikamwita Watachoka. Kambale akamwita wake Asante. Hapo tayari ungejua nani ana tatizo.

Mbwa wa miezi minane ni kama ninyi vijana: mwili umekua, akili bado iko njiani. Watachoka alinikokota kartie nzima. Nilimfunga kamba niliyoikata kwenye mpira wa gurudumu la baiskeli, nikajisifu kwamba haikatiki. Kumbe kila alipovuta ilirefuka. Akivuta anapata, na anayepata haachi. Kambale alitumia kamba ya katani. Mbwa akivuta, alisimama. Kamba ikilegea, alitembea. Ni hivyo tu! Siku za kwanza, kutoka kwao mpaka kisimani kulimchukua asubuhi yote, nami nikamcheka. Baada ya wiki chache sikucheka tena. Taratibu ndiyo mwendo.

Wamama wakaanza kusema: “Angalia imbwa ya Kambale! Iko na adabu kupita watu.” Kupita watu! Watu gani hao, kama si mimi? Jaluzi, wivu wenyewe, ikanishika, mwanangu. Nilikula nayo, nilioga nayo. Kengele ile ikipita nje, naziba masikio. Nilijua babake Kambale amelala kitandani, mgonjwa, na nyumba yote inamtazamia yeye. Nilijua, na bado nilimchukia. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo moja: kwamba yeye anaweza.

Nikaanza kuiba samaki kwenye sufuria ya mama, wale wakavu wenye chumvi wa Kasenyi, kule ziwani. Kila asubuhi Kambale akipita kando ya ua, napenyeza kipande kidogo kama ukucha kati ya matete. Siku ya kwanza Asante alikinusa, akameza, akaendelea. Siku ya tano alivuta kidogo ili afike. Siku ya kumi alivuta kwa nguvu zake zote, na Kambale, masikini, hajui lolote, akasema: “Weye Asante, nini inakupata?” Nyuma ya matete nilijiziba mdomo nisicheke. Na hili ndilo la ajabu: yule mbwa alinipenda. Alinilamba vidole. Wangu mwenyewe hajawahi.

Ikafika siku ya soko. Muzee alitufuata nyuma na fimbo yake. Nilianza mimi. Watachoka alinipitisha katikati ya mabeseni ya unga wa muhogo, nikatokea mweupe kama mzimu, soko likanicheka mpaka basi. Nikasimama mwisho wa njia, penye malori, nikangoja Kambale aanguke.

Akaja. Akapita wauza nyama: ko, ko, ko. Akapita mbuzi waliofungwa: ko, ko, ko. Watu waliacha kununua, wakasikiliza. Zilibaki hatua kama ishirini, ndipo upepo ukamletea Asante harufu ya mkono wangu. Kengele ikalia ovyo! Kamba ikamponyoka Kambale, mbwa akapita chini ya lori lililokuwa linaondoka, nikaona gurudumu likikosa mkia wake kidogo tu. Akanirukia kifuani, mzima, akanilamba vidole kwa furaha. Kambale alibaki katikati ya njia na mikono mitupu.

Muzee alinifikia pole pole. “Leta mukono.” Akaunusa mbele ya watu wote. “Samaki,” alisema. “Imbwa hii haikukosa. Ilifundishwa. Weye iko mwalimu muzuri, mutoto yangu. Imbwa ya mwenzako uliifundisha, inakujua. Na ya kwako, nani aliifundisha?”

Afadhali angenichapa. Na Kambale aliongeza neno moja, bila hasira: “Ndugu, ungeniomba tu, ningekuonyesha.”

Muzee akakata shauri palepale. “Bambu watangojea mwezi moja. Kila asubui utasimama inje ya lupango yenu na samaki ku mukono. Kambale atapita na imbwa yake. Hapana kuipatia, hapana kuiita. Mpaka siku itakupita sawa vile inapita nguzo.”

Nikasimama nje ya ua wetu. Siku za kwanza Asante alinililia. Kambale anasimama, kamba inalegea, wanapiga hatua moja, mbwa ananigeukia tena. Kartie nzima ilipita ikiniona na samaki wangu. Nilikuwa nimeiba mapenzi ya mbwa. Sasa nilikuwa nayarudisha kidogo kidogo. Na wivu haukuondoka, nisikudanganye. Ulizidi, kwa sababu sasa Asante alianza kumtazama Kambale.

Asubuhi moja ya wiki ya nne, kengele ilikuja: ko, ko, ko. Ikanifikia. Ko, ko, ko. Ikanipita. Asante hakugeuza hata sikio. Nililia, mwanangu, kijana wa miaka kumi na minane, na samaki mkononi. Kisha nikaingia ndani, nikatafuta kamba ya katani, nikamfunga Watachoka. Akavuta. Nikasimama.

Kambale alikwenda Bambu, na babake akapata dawa. Mimi sikwenda. Watachoka alijifunza alipokuwa amekwisha kuwa mkubwa, akachelewa kwa sababu mimi nilichelewa.

Basi nasaha yangu ni hii. Usisafirie nyota ya mwenzio. Akipita na jambo lake zuri, muulize amefanyaje, hata kama ulimi unakataa. Mimi sikuuliza, nikaikosa Bambu. Ukiharibu cha mtu, kirudishe kwa mkono uleule uliokiharibu, hata watu wakikutazama. Na usidhani wivu huisha kwa uzee. Bado unanivuta, mimi huyu. Ukikuvuta, simama. Kamba ikilegea, tembea.

Nenda sasa kwa huyo aliyeongoza darasa, kabla hajapita mbali. Na Mungu akupe mkono ambao siku ukiambiwa “leta”, utautoa bila kuogopa.